Mwenye Duka na Mwenye Amana: Uongozi wa Biashara Baina ya Arua na Koboko

Katika miji ya mpakani mwenye duka hawi mwuza bidhaa tu. Majirani humwekea akiba zao, wageni hushukia kwake, wagombanao humwendea awasuluhishe, na habari za dola tatu humfikia kabla hazijatangazwa redioni. Na kwa sababu hiyo atakaye kuijua hulka ya kiongozi wa biashara hana haja ya kuitafuta mbali, na aitazame barabara ile ya lami, yenye urefu wa kilomita 92, itokayo Vurra kwenye mpaka wa Kongo, ikapita Arua, ikaenda Koboko, na kukoma Oraba kwenye mlango wa Sudan Kusini. Kando ya barabara hiyo yamo maduka ya nguo na ya vyuma, maghala ya mtama na maharage, karakana za pikipiki na vibanda vya kubadilishia fedha. Wamo wafanyabiashara waliostawi kwa miaka mingi, na wamo waliong'aa kwa msimu mmoja au miwili kisha wakatoweka, ilhali aghalabu yao walianza na mtaji mdogo, katika mji mmoja, chini ya sheria moja na mvua moja.

Ni nini basi kilichowatenganisha? Watu husema ni bahati, na bahati haikosi sehemu yake. Wengine husema ni elimu, au ndugu walio serikalini. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba juu ya hayo yote kuna jambo moja lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: kiongozi wa biashara hupimwa kwa kiasi cha mali, siri na maamuzi aliyoweza kuyatoa mkononi mwake na kuyaweka mikononi mwa wengine, yasiharibike. Mwenye duka ambaye kila ufunguo umo mfukoni mwake ana duka, walakini hajawa kiongozi; na siku ya ugonjwa wake, au ya safari yake, au ya mauti yake, ukweli huo hudhihirika mbele ya kila mtu.

Shule ya mipaka mitatu

Nchi ya West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda yenye miji hii miwili, ilijifunza mapema kuishi bila ya kutegemea ngome ya dola moja. Ilikuwa sehemu ya ile ardhi iliyoitwa Lado, aliyoikalia Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa mkataba wa uhai wake. Naye alipofariki Disemba 1909 ardhi hiyo ikatiwa katika Sudan mwaka 1910, kisha mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Kwa muda usiozidi miaka mitano, watu wale wale, katika nyumba zile zile, walipita chini ya bendera tatu. Walugbara wakajikuta wamegawanywa baina ya Uganda na Kongo, na Wakakwa wa Koboko wakawa na ndugu zao katika nchi tatu, ambazo hadi leo hukutana mahali paitwapo Salia Musala, karibu na mji huo.

Serikali ya Idi Amin ilipoangushwa Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya mwishoni mwa mwaka 1980, umati mkubwa wa watu wa West Nile ulivuka kwenda Zaire na Sudan, nao ukakaa ukimbizini kwa miaka. Huko hapakuwa na benki ya kuwakopesha, wala hakimu wa kuwaamulia, wala hati ya ardhi ya kuweka rehani. Palikuwa na soko, hasa lile la Ariwara upande wa Zaire, na palikuwa na neno la mtu. Waliorejea Arua na Koboko katikati ya miaka ya themanini walirudi na maarifa yaliyofunzwa na shida: kununua katika sarafu moja na kuuza katika nyingine, kuafikiana bei kwa lugha tatu au nne, na juu ya yote, kumjua nani wa kukopeshwa na nani wa kuepukwa.

Kutoka katika shule hiyo walizuka vijana waliojulikana kwa jina la Opec Boys, walioliazima jina lao kwa ule muungano wa nchi zenye mafuta ulioasisiwa Baghdad mwaka 1960. Waliuza petroli kwa madumu na chupa kandokando ya barabara za Arua, mafuta ambayo mengi yake yalivushwa kutoka ng'ambo bila ya kulipiwa ushuru. Wanazuoni walioichunguza biashara ya mpaka huu, miongoni mwao Kate Meagher aliyechapisha utafiti wake mwaka 1990, na Kristof Titeca aliyeandika makala juu ya vijana hao mwaka 2006, walibainisha kwamba kile kilichoonekana kwa mpita njia kuwa ni fujo kilikuwa na mpango wake. Vijana hao walikuwa na vikundi, vikundi vilikuwa na viongozi, na viongozi walisimama baina ya wenzao wakigombana, na baina ya wenzao na wakubwa wa mji. Magendo hayana sifa, wala hatuyasifu hapa, kwani ushuru ulioibwa ni dawa iliyokosekana hospitalini; lakini ni haki kukiri kwamba hata watu waliofanya kazi nje ya sheria walitambua kuwa kazi ya wengi haiendi bila ya kiongozi, na kwamba kiongozi asiyeaminiwa na wenziwe hapati wa kumfuata.

Amana kabla ya mtaji

Katika muamala wa kale wa Kiislamu kuna mkataba uitwao mudharaba, ambao wafanyabiashara wa pwani, wa Sudan na wa Bara Arabu waliutumia kwa karne nyingi. Mmoja hutoa rasilimali, mwingine hutoa kazi na maarifa. Faida hugawanywa kwa sehemu walizoafikiana tangu mwanzo, na hasara ya mali humwangukia mwenye mali, ila ikithibiti kwamba mfanyakazi alifanya uzembe au hiyana. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa gavana Emin Pasha, hawakuhitaji kufundishwa maana ya mkataba wa namna hii, wala hawakuhitaji Walugbara na Wakakwa, kwani desturi zao nao zilijua ng'ombe awekwaye kwa rafiki na ndama agawanywaye kwa insafu. Busara ya mkataba huo ni kwamba humtazama mwenye kushika mali kuwa ni mwaminiwa kwanza, na mchumi baadaye. Haulizwi amepata faida ngapi kabla hajaulizwa amefanya nini na mali ya mwenziwe.

Uongozi wa biashara huanzia hapo. Tajiri wa Koboko anayeagiza sabuni, sukari na mabati kutoka Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kupita daraja la Pakwach, mara nyingi hana mali hiyo yote. Sehemu yake ni ya mwuza jumla aliyemkopesha, sehemu ni ya jirani aliyemwekea akiba, sehemu ni mshahara wa mpakiaji ambao haujalipwa. Akiiona yote kuwa ni yake, atajenga nyumba kwa fedha ya mtu na kuoa kwa mshahara wa mtu. Akiiona kuwa ni amana, ataiandika, ataitenga, na siku ya kuidai kila mwenye haki atapata haki yake.

Mpaka una namna yake ya kumjaribu mwenye amana. Tazama kaunta ya duka la jumla mjini Koboko: katika saraka moja zimo shilingi za Uganda, faranga za Kongo, pauni za Sudan Kusini na dola za Marekani, kila fungu limefungwa kwa mpira wake, na kando yake kipo kikokotoo ambacho vitufe vyake vimefutika tarakimu kwa kubonyezwa. Mwenye duka hubadilisha bei kichwani huku akimsalimu mteja. Disemba 2015 Benki Kuu ya Sudan Kusini ilipoiachia pauni yake ielee, kiwango rasmi kilitoka chini ya pauni 3 kwa dola moja hadi zaidi ya pauni 18. Bei ya mitaani ilikuwa imekwisha kupanda kabla ya hapo, lakini aliyekuwa ameiamini ahadi ya kiwango cha serikali, au aliyekuwa na madai ya pauni ng'ambo ya mpaka, aliiona mali yake ikiyeyuka bila ya mwizi kuingia. Kabla ya hapo vita vilikuwa vimezuka Juba mwezi wa Disemba 2013, na Julai 2016 vikazuka tena, barabara ya Yei na Kaya upande wa Sudan Kusini ikawa njia ya wakimbizi badala ya njia ya shehena. Kisha Machi 2020 mipaka ikafungwa kwa sababu ya maradhi ya korona.

Katika misukosuko kama hiyo ndipo kiongozi hutambulika. Asiyefaa huzima simu yake, akajificha wasimwone wanaomdai, akawaacha vijana wa dukani wakijibu maswali wasiyoyajua. Anayefaa huwatangulia kwa habari: huwaendea waliomkopesha kabla hawajamwendea, akawaambia shehena iko wapi, hasara ni kiasi gani, na atalipa nini lini, na huwaita wafanyakazi wake akawaeleza hali ilivyo, ili wasisikie sokoni yale waliyostahili kuyasikia kwake. Mali yaweza kupotea kwa vita na ikarudi kwa amani, lakini jina likipotea kwa uongo, hakuna mkataba wa amani uwezao kulirudisha.

Sanduku na funguo zake

Mfano ulio bora kabisa wa uongozi wa biashara katika nchi hii hauko katika maduka makubwa. Uko chini ya miembe, katika vikundi vya akiba na mikopo ambavyo wanawake wa vijijini, na wakimbizi wa Lobule katika wilaya ya Koboko na wa Rhino Camp upande wa Arua, huviendesha kila wiki. Utaratibu wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991, ukaenea nchi nyingi za Afrika, na ukashika mizizi West Nile kwa sababu ulikutana na watu ambao walikuwa wamekwisha kujua thamani ya kuaminiana.

Sanduku ni la chuma, dogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, nalo lina kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu wa kawaida. Mwenyekiti hana ufunguo. Katibu hana ufunguo. Na yule atunzaye sanduku nyumbani kwake, likiwa chini ya kitanda chake, hana ufunguo. Siku ya mkutano watatu hao huja mbele, kila mmoja akafungua kufuli yake, na kabla fedha haijaguswa wanachama huulizwa salio la wiki iliyopita lilikuwa kiasi gani. Nao hulijibu kwa sauti, kwani walilihifadhi kwa moyo, hata bibi asiyejua kusoma. Wahesabu wawili huhesabu noti mbele ya macho yote. Kila anunuaye hisa hupigiwa muhuri katika kijitabu chake, hisa moja muhuri mmoja, wala haruhusiwi kuzidi tano kwa mkutano mmoja, ili mwenye nacho asije akakimeza kikundi. Wakopao husema haja zao hadharani: huyu ataka kununua mbegu za ufuta, yule ada ya shule, mwingine gunia la samaki wakavu wa kuuza. Mwisho wa mwaka akiba hugawanywa pamoja na faida yake, na mzunguko huanza upya.

Mwenyekiti wa kikundi kama hicho anaongoza nini, maadamu hana ufunguo wala hagusi fedha? Anaongoza mambo matatu ambayo matajiri wengi wameyasahau. Huuweka wakati, kwani mkutano usioanza kwa saa yake huwafundisha watu kwamba ahadi ni maneno. Hulinda utaratibu, hata pale nduguye anapotaka apitishwe mlango wa nyuma. Na husikiliza, akamwacha mdogo aseme kabla ya mkubwa, kwa kuwa mkubwa akitangulia mdogo hunyamaza na maarifa yake hubaki kifuani. Heshima yake imetoka katika kazi hizo tatu, na lau angelikuwa na funguo zote, heshima hiyo ingelikuwa ni hofu.

Kuna wasemao kwamba mambo haya ni ya akina mama na fedha kidogo, na kwamba biashara kubwa ina sheria nyingine. Walakini serikali yenyewe imewaletea watu wa kila parokia ya kiutawala jukumu hilo hilo kwa kiasi kikubwa zaidi, ilipoanzisha mpango wake wa maendeleo ya parokia Februari 2022, ambao umekusudia kuipa kila parokia shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia chama chake cha akiba na mikopo. Milioni 100 zikiwekwa mikononi mwa viongozi wasiozoea kugawana funguo ni fitina; zikiwekwa mikononi mwa waliolelewa na sanduku la kufuli tatu, ni mtaji.

Asali na mikono isiyoonekana

Kadiri biashara inavyokua, ndivyo inavyotegemea watu ambao mwenyewe hawaoni. Hili halionekani wazi mahali popote kama katika asali, ambayo West Nile imejaliwa nayo tangu zamani. Uganda ilipopata idhini ya kuuza asali katika soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2005, watu wengi walifurahia bei. Wachache walifikiri juu ya mzinga. Miongoni mwa hao wachache ni Bi Maria Odido, mwasisi wa kampuni ya Bee Natural iliyojenga kiwanda cha kuchakata asali mjini Arua, ambayo malighafi yake hutoka kwa wafugaji wa nyuki waliotawanyika vijijini.

Mfikirie mkuu wa kiwanda kama hicho. Asali anayoiuza haikuvunwa naye. Ilivunwa gizani, na mtu aliye mbali, na hapana msimamizi wa kumwangalia. Mvunaji akizidisha moshi, asali itanuka moshi. Akivuna masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta, asali itakuwa na maji mengi na itachacha. Akiitia katika dumu lililokuwa na mafuta ya taa, itaharibika yote. Viwango vya kimataifa haviruhusu maji ya asali kuzidi asilimia 20, na ndoo moja mbovu ikimiminwa katika pipa moja na ndoo kumi nzuri, pipa zima ni bovu. Amri haifiki huko. Kilicho na uwezo wa kufika ni mafunzo yenye subira, mizani isiyopunja, na malipo yafikayo siku iliyoahidiwa. Mfugaji aliyepunjwa mara moja atachanganya asali na maji, naye atajihisi ana haki. Mfugaji aliyelipwa kwa insafu atautunza mzinga kana kwamba kiwanda ni chake.

Kwa hiyo atakaye kuongoza watu asiowaona na aanze kwa kujiuliza: je, mtu wa mwisho katika mnyororo wangu, aliye mbali kuliko wote na maskini kuliko wote, ana sababu gani ya kunitakia heri? Akikosa jibu, asishangae pipa lake likichacha.

Daftari, ushuru na mfuko wa mwenyewe

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mji ulioithibitisha kauli hiyo kuliko miji ya mpakani. Matajiri wengi wana hesabu kichwani, nao hujisifia kwamba hawasahau. Huenda hawasahau, lakini kichwa hakirithiwi, hakikaguliwi, wala hakiwezi kuonyeshwa kwa benki. Daftari ni namna ya kutoa siri kichwani na kuiweka mahali ambapo mwingine aweza kuisoma, na ndiyo maana mwenye kupenda kutawala peke yake hulichukia.

La kwanza la kuandikwa ni mshahara wa mwenye mali. Ada za watoto, matibabu ya mjomba, michango ya harusi na ya matanga, hayo yote ni haki za ujamaa wala hatusemi yakatwe. Tusemalo ni kwamba yatoke katika mshahara wa mwenyewe, uliopangwa na kuandikwa, na yasitoke katika saraka ya duka kila jioni. Mfanyakazi anayemwona mkubwa wake akichota fedha bila ya kuandika amekwisha kufundishwa wizi, hata kama hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Na mfanyakazi anayemwona mkubwa wake akiandika hata shilingi elfu moja ya chai yake amefundishwa uaminifu bila ya hotuba.

La pili ni sheria. Zamani mtu aliweza kusema kwamba mipaka hii iliwekwa na wageni na kwamba njia za panya ni njia za babu zake. Siku hizi hali imebadilika: Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, hata Koboko, iliyokuwa pembe ya mbali kabisa ya Uganda, imekuwa mahali ambapo nchi tatu wanachama hukutana. Utaratibu wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo humwezesha mwenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, ya bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama na zilizomo katika orodha iliyoafikiwa, kupata cheti kilichorahisishwa hapo hapo mpakani na kupita bila ya kutozwa ushuru wa forodha. Mambo haya hayatekelezwi kila kituo kama yalivyoandikwa, na wapo maofisa wanaofaidika na ujinga wa wachuuzi. Lakini kiongozi wa biashara ana wajibu wa kuyajua, kuwafundisha wenziwe, na kudai kwa pamoja haki ambayo mtu mmoja akiidai hupuuzwa. Aliyejenga biashara yake juu ya rushwa ya kila safari hawezi kumkabidhi mtu mwingine, kwani siri zake hazikabidhiki.

Hofu ya kuibiwa, na ajali ya kutokuachia

Hapa wenye maduka watasema: nimpe kijana ufunguo, naye ataniibia. Neno hilo lina ukweli, kwa hiyo lisijibiwe kwa wepesi. Wapo vijana walioiba, na wapo ndugu wa damu waliofilisi maduka. Lakini sanduku la kina mama limekwisha kutujibu: amana haina maana ya kufumba macho. Mkabidhi mtu kazi, kisha weka watu wawili wa kuhesabu. Mpe mamlaka ya kununua hadi kiwango fulani, na zaidi ya hapo mshauriane. Taka stakabadhi kwa kila kitu, kuanzia yako mwenyewe. Nawe ukague kwa siku zinazojulikana, usivizie. Simu za mkononi, ambazo tangu mwaka 2009 zimekuwa zikitumika Uganda kutuma fedha, zimerahisisha jambo hili kuliko wakati mwingine wowote, kwani kila muamala wake huacha alama. Kijana aliyewekewa utaratibu ulio wazi hulindwa nao hata dhidi ya tamaa yake mwenyewe.

Na kama hasara ya kumkabidhi mtu ni ya kuogopwa, hasara ya kutokumkabidhi ni kubwa zaidi, ila huja kwa kuchelewa. Biashara inayomtegemea mtu mmoja ni nyumba iliyosimama kwa nguzo moja. Mara ngapi tumeona, katika miji hii na mingineyo, tajiri amekufa, na kabla arobaini haijatimia bidhaa zimegawanywa, wadai wamejitokeza na karatasi ambazo hakuna awezaye kuzikanusha, wajane wamefukuzwa, na kijana aliyelitumikia duka kwa miaka kumi ameondoka na mshahara wa mwezi mmoja! Si ubaya wa warithi tu uliosababisha hayo. Marehemu hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote namna ya kuongoza.

Uganda ina mfano wa kinyume chake, nao ni mzee James Mulwana, aliyezaliwa mwaka 1936, aliyejenga viwanda vya betri, vya miswaki na plastiki, pamoja na shamba la maziwa, na kuhimili zama ambazo wengi wa wenzake walikata tamaa. Sifa yake kubwa mbele ya watu ilikuwa ni kutimiza neno lake. Lakini linalotuhusu zaidi hapa ni kwamba alikuwa miongoni mwa waliowaunganisha wenye viwanda katika chama chao, akaamini kwamba mshindani wake si adui yake. Na alipofariki Januari 2013, binti yake, mhandisi Barbara Mulwana, alikuwa amekwisha kujua kazi ya kiwanda cha plastiki, naye baadaye akawa mwenyekiti wa chama hicho hicho cha wenye viwanda. Urithi wa namna hiyo haupatikani kwa wasia ulioandikwa kitandani pa ugonjwa. Hupatikana kwa miaka ya kumwachia mwana, au mfanyakazi, aamue jambo, akosee, arekebishe, na kuamua tena, huku mkubwa akijizuia kumpokonya usukani.

Arua, iliyopata hadhi ya jiji Julai 2020, na Koboko, iliyokuwa kituo cha mpakani na sasa ni manispaa, zina vijana wengi wasomi wasio na kazi, na zina matajiri wengi waliochoka wasiolala usingizi. Hawa na wale wanahitajiana, na kinachowatenga ni ufunguo ambao mmoja hataki kuutoa na mwingine hajafundishwa kuushika.

Basi ndugu msomaji, ikiwa una duka, ghala, karakana au gari la mizigo, usingoje semina wala mfadhili. Wiki hii andika mshahara wako mwenyewe na uufuate. Orodhesha madeni yako na madai yako, uyaonyeshe kwa mtu wa pili unayemwamini. Kisha mteue mmoja miongoni mwa unaowaongoza, mkabidhi ufunguo mmoja na daftari moja mbele ya wenziwe, mweleze mipaka ya amana yake, uondoke kwa siku tatu. Na utakaporudi, soma hesabu pamoja naye kabla hujamlaumu wala kumsifu. Ukiweza kufanya hivyo bila ya biashara yako kuyumba, umekwisha kuanza kuongoza.